Kisanduku chenye Rangi ya Ufizi

Usijifanye hukumwona. Ulikuwepo ukumbini, umependeza, umekaa viti vya mbele, na alipita karibu nawe mpaka mfuko wake ukakugusa bega. Ukavuta bega. Msichana mwenye ncha za vidole zilizoungua, aliyepiga magoti pembeni ya jukwaa kati ya wimbo na wimbo, akafungua kisanduku cha bati, akabadilisha betri, akakifunga, kisha akaondoka ameinama ili asikuzibe. Wewe ulikuwa unanyoosha shingo kumtafuta mpiga gitaa. Na gitaa lilipolia, ile sauti ya mtu anayezuia kilio halafu kinamshinda, makofi ulimpigia nani? Mimi nakumbuka. Kumbukumbu yangu ni ndefu na haina adabu.

Basi tulia nikwambie yaliyotokea mchana ule wa Jumamosi, nyumbani kwa mama yake, siku walipokuja kumposa.

Kwa kazi, msichana huyu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Daktari humpima mgonjwa mdomo, anamwambia apanue, anamwambia afumbe, basi. Aliyekaa chumba cha nyuma na nta, plasta na ule unga wa waridi unaogeuka ufizi alikuwa yeye. Vijana wa bendi walimwita Fundi Meno, na jina likamganda. Lakini kitu alichokifanya kwa kupenda tu, bila kutumwa na mtu, kilikuwa kuunda pedali za gitaa: visanduku vya kukanyaga kwa mguu, vinavyoipokea sauti ya gitaa ikiwa nyembamba na safi, vikaitoa ina mikwaruzo, ina mwangwi, ina machozi. Alitumia mabati ya biskuti. Matundu alitoboa kwa kile kikeekee chembamba cha kusawazishia meno. Ndani, kila waya aliubana kwa tone la ule unga wa waridi ulioloweshwa, ukikauka unakuwa mgumu kama fupa. Ukikifungua kisanduku chake unadhani umefungua mdomo wa mtu.

Cha Nyuzi, yule mpiga gitaa, alikitengeneza tofauti na vyote. Hakumuuliza anataka pedali ya namna gani. Alimwambia, "Niimbie kwa mdomo hiyo sauti unayoisikia kichwani." Mwanamume mzima, mpiga gitaa anayeshangiliwa na kumbi, akaona haya kama mtoto wa chekechea. Akaimba, "Nyaaa… nyaaauu…" Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akabadilisha kipande kimoja, akajaribu, akabadilisha kingine, na kila alipobadilisha alimwambia, "Imba tena." Walikaa hivyo jioni nyingi, Nyuzi akiimba, msichana akisikiliza, mpaka siku bati lilipojibu sawasawa na mdomo. Wakatazamana. Mapenzi yao yalianzia hapo, ndani ya stoo nyuma ya jiko, kukiwa na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka.

Sasa Jumamosi hiyo Nyuzi alikuja na mjomba wake. Mjomba ndiye aliyemlea, ndiye mwenye bendi, na hata gitaa lenyewe lilikuwa lake. Mjomba akabaki sebuleni na mama wa msichana, wakiulizana habari za afya. Nyuzi akaomba maji, akapitia jikoni, akaingia stoo na mfuko wa plastiki mkononi.

"Kimekufa," alisema.

"Hata salamu hakuna?"

"Nisamehe. Umeshindaje mpenzi. Kimekufa."

"Na leo umekuja kuposa au umekuja kutengenezewa?"

"Vyote," alisema, na akajaribu kutabasamu. "Nimeona nisifanye safari mbili."

Msichana akacheka. Alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, nywele zimesukwa jana yake, na mama yake alikuwa amemkataza kabisa kugusa kitu chochote kinachochafua. Akakunja mikono ya gauni. Akafungua skrubu nne, akakiinamia kisanduku, akanusa.

Nyuzi alikuwa akimtazama shingo. Alikuwa na namna yake ya kumtazama alipokuwa kazini, utulivu fulani hivi, kama mtu aliyefika mahali. Kwa hiyo hakuona uso ulipobadilika.

"Kimeungua," alisema msichana.

"Kinaweza kuungua kweli? Ni betri tu ile."

"Betri haiunguzi hivi." Akakigeuza kuelekea dirishani. Waya mmoja ulikuwa umekuwa mweusi, na lile tone la waridi lililoushika lilikuwa limetoa malengelenge. "Umekichomeka kwenye adapta. Tena adapta inayolisha na pedali nyingine."

Nyuzi akautazama mfuko wa plastiki.

"Nilikwambia nini siku nakupa?"

"Betri tu."

"Nilikwambia kwa nini?"

"Ulisema… kinakwenda kinyume."

"Transista zake ni za zamani, zinataka umeme ugeuzwe. Chanya ya wenzake ndiyo hasi yake. Ukikiunganisha na wenzake kwenye adapta moja, ni kama kuwafunga watu wawili mguu kwa mguu, mmoja anataka kwenda mbele mwingine nyuma. Wataanguka. Hilo ulilijua. Nilikuimbisha, nimekusikiliza jioni zote zile, hilo moja ukalisahau?"

"Sikusahau."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Msichana akaweka bisibisi chini polepole. Alikuwa na akili ya kufuata waya mpaka unakoishia, na akaufuata huo pia.

"Kama hukusahau," alisema, "basi kuna mtu alikuuliza, na hukutaka kumjibu. Ni nani?"

"Mpenzi, tuzungumze baadaye. Mjomba yuko—"

"Ni nani aliyekuuliza?"

Nyuzi akatazama mlangoni. Huko sebuleni mjomba alicheka jambo, kicheko kikubwa cha mtu aliyezoea vipaza sauti.

"Fundi wa redioni," alisema. "Alhamisi. Walituita kwenye kipindi cha muziki, nikapiga moja kwa moja hewani. Mtangazaji akaniuliza, hii sauti umeitoa wapi, hiki kisanduku nani kakitengeneza. Mjomba alikuwa amekaa pale, ananiangalia. Nikasema…"

"Ukasema nini?"

"Nikasema mimi."

Nje paka alikuwa akiparua pipa.

"Halafu fundi wao akaja na adapta," Nyuzi aliendelea, sauti imeshuka, "akaniuliza, hiki kinatumia umeme upi? Mbele ya mtangazaji. Sekunde ile ile nimetoka kusema nimekiunda kwa mikono yangu. Ningemwambiaje ngoja nimpigie mtu nimuulize? Nikasema wowote. Wimbo haukufika katikati, kikafa."

"Kwa hiyo ulijua kitaungua."

"Nilitumaini hakitaungua."

"Uliona bora kiungue kuliko nitajwe."

Hilo lilimchoma Nyuzi kuliko tusi. Alitaka kumshika mkono, lakini msichana alikuwa ameshaurudisha nyuma. Akamtazama Nyuzi usoni kwa muda mrefu, bila hasira hata, kama anavyotazama plasta iliyoingia hewa: anatafuta kama kuna kinachofaa kubaki.

"Hao mafundi wako mbona hawatoki?" mjomba aliita toka sebuleni. "Chai inapoa, na maneno yangu yanapoa!"

Wakaenda. Msichana alikibeba kile kisanduku bila kifuniko, akakiweka miguuni mwake alipokaa. Mama alikiona, akamkata jicho. Msichana akaamkia, "Shikamoo mjomba," mjomba akaitika marahaba kwa furaha ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Watu wabaya ni rahisi. Alikuwa mtu mwema aliyezoea kuambiwa ndiyo.

"Mama mkwe wetu," alianza, maana alipenda kutangulia mbele ya mambo, "kijana wangu unamjua. Hanywi, havuti, mikono yake ni ya dhahabu. Na akili! Hiki kisanduku kinachowatia watu wazimu, amekiunda mwenyewe. Alhamisi nchi nzima imesikia."

Mama akamtazama binti yake, akarudisha macho kwenye kikombe.

"Na binti yenu nimesikia naye ana mkono mwepesi. Kijana wangu amemfundisha fundisha, naye anajaribu. Si vibaya. Ila nina ombi moja tu, na ninaliomba kwa heshima. Akishaolewa, aviache hivyo visanduku. Si kwamba namkataza kazi, meno aendelee nayo. Lakini nyumba moja, mafundi wawili wa jambo moja, watu watasema mke anamwiga mume. Tumekubaliana?"

Mama akazungusha kikombe kwenye sahani yake.

Nikueleze alichokiwaza msichana dakika ile, maana kila kitu kilining'inia hapo. Alimpenda Nyuzi. Alimpenda mpaka sauti ya hatua zake kwenye kokoto aliijua kabla mbwa wa jirani hajabweka. Na akakata shauri: akilinyamazia hili, nitammiminia mjomba wake chai, nitawasindikiza mpaka getini, na kesho nitatuma jibu kwamba hapana. Sitapiga kelele. Sitamwaibisha mtu. Nitalia stoo, peke yangu, kisha nitaendelea na kazi. Hakumkonyeza Nyuzi wala hakumsaidia. Aliyaweka macho yake juu ya macho ya yule mwanamume, akayaacha hapo.

Nyuzi alikuwa akisugua kidole gumba na cha shahada, pale penye sugu ya nyuzi. Akakohoa.

"Mjomba. Mimi sikumfundisha."

"Eh?"

"Hakuna nilichomfundisha. Sijui hata kushika chuma cha kulehemu. Nikikishika najiunguza. Kisanduku kile ni chake. Chote. Mimi kazi yangu ilikuwa kuimba nyau nyau kama paka."

Mjomba akacheka. "Kijana, mapenzi yamekupanda kichwani. Usimpake mtu mafuta mpaka ukajipaka matope."

"Sitanii."

"Basi unamkinga. Mama, huyu anamkinga mwenzake, ni uungwana, nimeuelewa. Lakini mimi si mtoto. Mwanamke gani anayeunda vitu vya umeme?"

Hapo ndipo mama alipoweka kikombe chini. Kwa miaka yote alikuwa akipiga ukuta wa stoo na kusema, punguzeni kelele. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti anatengeneza redio za watu. Alikuwa naye amegeuza shingo kama wewe. Lakini maneno ya mwisho yalimkaa vibaya.

"Hebu kichungulie hicho kilicho miguuni mwake," alisema.

Mjomba akainama. Akaona nyaya, na kwenye kila waya tone la waridi linalong'aa.

"Ni nini hii?"

"Unaifahamu hiyo rangi, mzee mwenzangu?"

"Hapana."

"Unayo mdomoni."

Mjomba akafumba mdomo haraka. Nyuzi akakunja midomo kuzuia kicheko, macho yakamtoka machozi.

"Meno yako ya juu," msichana alisema kwa upole, "gego la kushoto nililipunguza mara mbili kwa sababu daktari aliandika linakugonga. Bado linakugonga, mjomba?"

"Daktari ndiye…" Mjomba alianza, akaishia njiani. Akapitisha ulimi kwenye lile gego, ukaonekana ukipita nyuma ya shavu. "Halinigongi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Ungedhani yameisha. Hayakuisha. Mtu akishajua ukweli ndipo anapoanza kutafuta pa kuuficha, nami nimeyaona haya mara nyingi mno kushangaa.

"Sawa," alisema mjomba, akijiweka sawa kitini. "Sawa. Nimekosea, na wewe binti nakupa pole. Lakini sikilizeni. Maneno yameshatoka hewani. Bendi yangu imesimama juu ya maneno hayo. Leo niseme nini, kijana wangu mwongo? Watatucheka mpaka kwenye harusi yenu. Nyinyi mnaoana. Cha mke ni cha mume, cha mume ni cha mke. Kina hasara gani kikibaki kama kilivyo? Sisi hapa wanne tunajua. Inatosha."

Mama akaguna. Guno lile halikuwa la kukataa, na msichana alilisikia. Hata Nyuzi alivuta pumzi kidogo, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na jibu zuri, la amani, lisilomuumiza mtu. Lilikuwa pale mezani pamoja na vikombe.

"Naomba niseme," alisema msichana.

"Sema, mama."

"Hasara haiko kwenu, ndiyo maana hamuioni. Mimi nimezoea. Kazini natengeneza meno, mtu anatabasamu nayo barabarani, ananipita hanijui. Sijawahi kulalamika. Daktari hakuniambia ananipenda." Akamgeukia Nyuzi. "Wewe uliniambia. Uliniimbia kitu ambacho hujamwimbia mtu, nikakitengenezea mwili. Nikifunga ndoa na wewe nikiwa siri, nitakuwa siri kwenye kila kitu. Nitakuwa nimekaa ukumbini wanakushangilia, nami nafurahi, halafu naona haya kwa kufurahi. Nitaanza kukuchukia taratibu, na hutajua kwa nini. Sitaki kukuchukia. Ningependa nibaki nakupenda, hata kama ni kwa mbali."

Hakuna aliyegusa chai.

"Unataka nifanye nini?" Nyuzi aliuliza.

"Sikutumi. Nikikutuma itakuwa ni mimi tena nimekutengenezea."

Nyuzi akatazama saa yake ya mkononi. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, "Leo Jumamosi. Saa hizi si ndiyo wanarudia kile kipindi?"

"Kijana," alisema mjomba.

"Na wanapokea simu za wasikilizaji."

"Kijana, nakuonya. Gitaa ni langu. Ukipiga hiyo simu, gitaa linabaki kwangu, na jukwaa la leo jioni atapanda mwingine."

"Najua ni lako, mjomba." Alikuwa ameshatoa simu. Akabonyeza vibaya, akafuta, akaanza upya. "Ndiyo maana naanza kurudisha kisicho changu."

Akapiga. Laini ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Mjomba alisimama, akashika kofia yake, akafika mlangoni, lakini hakutoka. Alisimama pale kama mtu anayengoja mvua ipungue. Mama akanyoosha mkono akawasha redio iliyokuwa kabatini, sauti chini. Kutoka humo likatoka gitaa la Alhamisi, lile lile, likilia, na kabla wimbo haujafika katikati likakatika. Mtangazaji akacheka na kusema mitambo nayo ina siku zake.

Nyuzi akapiga tena.

Msichana akamtazama: jasho kwenye paji, shati la posa limelowa mgongoni, simu imebanwa sikioni kwa mikono miwili. Hakuwahi kumwona sura mbaya hivyo. Akainama akakiokota kisanduku, akaenda stoo, akachomeka chuma cha kulehemu ili kianze kupata moto. Mlango akauacha wazi.

"Haloo, uko hewani, karibu msikilizaji," redio ilisema, na sekunde moja nyuma yake, simu ya Nyuzi ikasema hivyo hivyo.

"Punguza redio, mama," alisema Nyuzi, sauti ikimkwaruza. "Ndugu mtangazaji, mimi ndiye mpiga gitaa wa Alhamisi. Nilidanganya. Naomba dakika moja nimtaje aliyekiunda."

Amtaje. Hilo ni lake yeye na nchi nzima inayosikiliza.

Wewe sasa. Kuna kazi uliyosifiwa ambayo hukuifanya. Usitikise kichwa, imeshakujia akilini, na sura ya mtu mwenyewe umeiona. Labda ni mkeo, labda ni dada yako, labda ni yule mwenzako ofisini aliyenyamaza ulipopewa mkono. Usiende kumnong'oneza samahani chumbani, hiyo umeshaifanya na haikumfaa kitu. Mtafute yule aliyekusifu, na wote waliokuwepo. Funga kitabu hiki, kitakungoja. Simu hiyo hapo, shika, umtaje. Leo. Kabla hujakaa kula.